Mguu wa Bi Mwanamkisi na Bima ya Simu

Alasiri ile kijiwe chetu cha bodaboda hapa Kizingitini kilikuwa na maneno mengi kuliko kahawa. Gharib alikaa katikati, mkono umefungwa bandeji. Siku tatu nyuma pikipiki yake iliteleza mchangani karibu na Mbwajumali, akaanguka na abiria wake, Bi Mwanamkisi. Mguu wa bibi ulivunjika, akakimbizwa hospitali Lamu kwa boti. Kampuni ya kuita pikipiki kwa simu, iliyofika kisiwani mwaka huu, ilikuwa imetangaza bima kwa kila abiria. Asubuhi hiyo ilijibu: hailipi.

— Mimi niliwashuku tangu walipogawa makoti bure, alisema Obeid, tunayemwita Wakili tangu ashinde kesi ya mbuzi.

— Wamesema nini hasa? aliuliza Yassir, ambaye jina lake la kijiweni ni Rada.

Gharib alijibu akitazama chini.

— Wasema safari ilifutwa kabla ya ajali. Bima ni ya aliye safarini kwenye simu. Ikifutwa, basi tena.

— Kabla ya ajali! Wakili akajipiga paja. Walijuaje kuwa mtaanguka?

— Setilaiti, alisema Rada. Yaona mchanga ulivyojaa ndiani tupitamo, yaona tairi lako kipara. Yapiga hesabu: hawa hawafiki. Yawafuta!

— Na mtandao waukata wao, alidakia Wakili.

— Mtandao gani? Huku wajikata wenyewe kila saa.

— Ndiyo ujanja wenyewe, Rada! Wametafuta nti ya kisiwani yenye mtandao mbovu makusudi.

Nami nikatia langu:

— Labda wana mtu wao humu humu kijiweni.

Tukaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Rada alisogeza kikombe chake mbali na changu.

Hapo akaingia Huwaida, binti wa Bi Mwanamkisi, ametoka gatini moja kwa moja, simu ya mamake mkononi. Alitoa salamu, tukaitika.

— Mama hajui kufuta kitu kwenye simu, alisema. Hata kuita pikipiki nilimuitia mimi. Nauliza tu: nani aliifuta safari yake?

Wakili aliinama kutafuta kiatu alichokuwa amekivaa. Sote twajua: abiria akishapanda, twamwomba simu, twafuta safari, ili kampuni isikate fungu lake. Mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa nimefanya hivyo mara mbili.

Gharib akasimama.

— Ni mimi, Huwaida. Niliitwaa simu yake nikafuta. Nilimwambia ni kitu kidogo tu.

Huwaida hakupaza sauti. Alimtazama, kisha akautazama mkono ule wenye bandeji.

— Utayasema hayo mbele ya mama?

— Nitayasema. Na kampuni nitaiambia.

Wakaondoka pamoja kuelekea botini. Sisi hatukuinuka.

Punde simu yangu ikalia: kampuni imeniletea abiria wa kwenda Chundwa. Wakili na Rada hawakunitazama usoni. Walitazama kidole changu cha kufutia safari.