Nisamehe kwa

Ndani ya basi la mji wetu wa Camagüey, mama aliyekaa mbele yangu alipakata kompyuta ya zile ambazo kioo hujitenga na kibodi. Mwanamume wa pembeni yake, bila kuulizwa, akaanza kushauri. "Betri inakaa saa ngapi, dada?" "Tatu. Binti yangu kule Montevideo anataka kuniletea kompyuta mpya, ya saa kumi." "Sasa unangoja nini? Umeme wenyewe ndio huu, ukienda asubuhi unarudi alasiri!"

"Hiyo mpya kibodi yake laini kama kitambaa, na kioo kinasimamia kiguu cha nyuma. Mapajani inaanguka. Mume wangu amepooza, kaka, hasemi. Anaandikia kitandani, vidole vinatetemeka. Hii yenye kibodi ngumu ndiyo anayoiweza."

"Atazoea tu." "Zoea wewe kwanza kupooza."

Jamaa akaomba radhi, jambo ambalo wanaume wa mji wetu hulifanya mara moja kwa mwaka. Mama akaendelea mwenyewe: "Juzi aliandika, 'Nisamehe kwa', betri ikaisha. Miaka thelathini na tisa ya ndoa! Tangu juzi nahesabu aliyonikosea, sijui ni lipi."

"Umeme uliporudi hukumuuliza?"

Hapo watu wakapiga kelele kutoka madirisha ya nyumba za kando ya njia, "Umeme umerudi!" Basi likasimama, nusu ya abiria wakashuka mbio kuwahi kupika. Mama akainuka, kompyuta kifuani.

"Nilimuuliza. Akaandika kwamba amesahau."

Akashuka polepole kuliko wote.