Mashine Mama Imekubali, Mwenzetu Bado Yuko Lingeka

Mgeni rasmi, Mama Milembe Masunga, mlezi wa mradi wa kompyuta za shule. Mkuu wetu wa chuo, Mwalimu Deogratias. Walimu, na wazazi mliotoka Maswa, Meatu na Lamadi: mwangaluka!

Sisi wanachuo wa ufundi wa kompyuta tunakukaribisha Bariadi kwa moyo wote. Tumeagizwa tusikuchoshe. Tutajitahidi, ila tuna jambo limetukaa kooni.

KAZI ULIYOTUPA

Kompyuta ulizotuletea zilikuwa tupu, hazina mfumo wa kuziendesha. Kuweka mfumo kwenye moja moja kungetuchukua hadi mwakani. Mwalimu Anna akatufundisha kuandaa mashine moja vizuri, na programu zote za shule ndani yake. Hiyo tunaiita mashine mama. Ikishakamilika inafutwa utambulisho wake, yaani alama zinazoitofautisha na mashine nyingine, inachukuliwa nakala yake nzima, na nakala hiyo inaingizwa kwenye nyingine zote.

CHANGAMOTO

Mashine mama ilikataa kufutwa utambulisho. Tulijaribu, ikaandika kwamba imeshindikana. Tukaizima, tukaiwasha, ikaandika vilevile. Shule ya Lamadi walishaandaa chumba, wanapiga simu kila asubuhi kuuliza mzigo wao.

Aliyekuwa amekaa kwenye mashine ni Klementina, mwenzetu wa Lingeka, kule Meatu. Mkuu wa chuo aliingia akauliza, "Nani kaharibu mashine ya mgeni?"

Klementina alisimama. "Mwalimu, nimeikuta inakataa. Naomba uniache niitafute shida."

"Kaitafutie nyumbani kwenu."

Alifunga begi lake mbele yetu, akaenda kupanda basi la Meatu.

Mgeni rasmi, tangu hapo hatukutulia. Tulifuta kila kitu tukaanza upya, tunaweka programu moja, tunajaribu, tunaweka nyingine, tunajaribu. Zote zilipita. Ndipo mwenzetu Faudhia akaona kitu kimoja ambacho hatukukirudisha: waya wa intaneti, ambao siku zote huwa umechomekwa. Tukauchomeka, tukaenda kula. Tuliporudi, programu mojawapo ilikuwa imejisasisha yenyewe, tena kwenye akaunti ya mtumiaji mmoja tu badala ya zote, jambo ambalo mfumo haulikubali, na mashine ikakataa kama mwanzo.

"Jamani, ni waya!" Faudhia alipiga kelele mpaka darasa la ushonaji wakatoka nje kuangalia.

Tuliiondoa programu ile, tukachomoa waya, tukajaribu tena. Ikakubali.

MAFANIKIO

Kompyuta zote unazoziona hapo mezani zimepokea nakala na zinawaka. Tafadhali bonyeza yoyote.

Tulikwenda kumweleza mkuu wa chuo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeelewa. Tusubiri kwanza mgeni aondoke." Tunamheshimu sana mkuu wetu. Lakini mtihani wa vitendo unaanza Jumatatu, na asiyeufanya anarudia mwaka.

MAOMBI

Tulikusudia kuomba betri za kushikilia umeme, maana ukikatika nakala ikiwa katikati tunaanza upya. Tulikusudia kuomba viti pia. Hivyo vinaweza kusubiri.

Tunachoomba leo ni Klementina arudi. Yuko kwao anachuma pamba na mama yake, na simu zetu hapokei. Ameshaamini kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Dada yake ametuambia hataki hata kusikia neno kompyuta. Tukimpigia sisi, anaona tunambembeleza tu. Tumesikia kesho ziara yako inaelekea Meatu. Tunakusihi upite kwao umwambie kwa mdomo wako kwamba mashine imekubali, na kosa halikuwa lake. Na wewe mkuu wetu, uliyeketi kando ya mgeni, tunakuomba kwa unyenyekevu umpe mgeni ruhusa ya kurudi naye chuoni, leo, hapahapa, sote tukisikia.

Mama, Mungu akutangulie katika barabara ya Meatu, akupe afya wewe na wanao, na akurejeshe Bariadi salama ukiwa na abiria mmoja aliyeongezeka.

Ni sisi,
Wanachuo wa Ufundi wa Kompyuta, Mwaka wa Pili, Bariadi.
Imesomwa na Khatibu Nuruddin, kwa niaba ya wote waliopo na mmoja asiyekuwepo.