Mama Kola, Aliyetaka Kuambiwa Kwanza

Mama Kola alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Jina hilo alipewa na wateja wake baadaye, likamganda.

Alisoma hadi darasa la nne. Mwaka 1965 mama yake aliugua mgongo, naye akaacha shule abaki nyumbani kulea wadogo zake.

Kushona alifundishwa na shangazi yake. Kuanzia 1972 alikaa na cherehani kwenye kibaraza cha duka la misumari, akashona sare za shule miaka arobaini na saba. Kola zake hazikupinda.

Mwaka 1975 mwashi mmoja alimpelekea kitambaa cha shati. Shati lilipokuwa tayari, kola ikamkaba. Akarudi. Ikamkaba tena. Akalalamika.

"Shati halina kosa," marehemu alimjibu. "Shingo yako ndiyo nene."

Mara ya nne alimwambia, "Sasa kaka, nikikupima vizuri, utarudi kufanya nini?" Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Novemba 2019, akioga, alikuta uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya harage. Vipimo vikasema saratani. Daktari akasema upasuaji kwanza, tarehe 14 Januari. Marehemu alimaliza sare zote za watu, akafunga begi, akaenda. Wakamwambia hapana, dripu za dawa ya saratani kwanza, mara sita, uvimbe usinyae. Baada ya nne moyo ukasumbua, dawa ikabadilishwa. Halafu upasuaji, titi likaondolewa. Halafu mionzi, mashine ikaharibika, akangoja wiki saba. Halafu vidonge, miaka mitano. Mwaka wa tatu ugonjwa ukaonekana kwenye mifupa. Vidonge vingine.

Alichoka. Siku moja alimuuliza daktari, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, "Mwanangu, wewe hupimi kabla ya kukata?"

Daktari alicheka, kisha akavuta kiti akakaa. Akamweleza kuwa wanapima kila mara, na ugonjwa ukigeuka, nao lazima wageuke.

"Haya. Basi geukeni," marehemu alisema. "Ila niambiwe mimi kwanza. Si mzee, si watoto. Mimi."

Februari 2024 muuguzi alipiga simu, na simu ilikuwa mfukoni mwa mumewe. Vidonge vimeshindwa, aje Alhamisi, waanze dripu upya. Siku hiyo marehemu alikuwa kwenye cherehani, anamshonea mjukuu gauni, anaimba. Alikuwa hajaimba tangu mwaka uliopita. Mumewe alirudisha simu mfukoni, akanyamaza. Alhamisi ikapita. Ijumaa muuguzi akapiga tena, marehemu akapokea mwenyewe.

"Mzee, ulijua?"

"Nilijua tangu Jumatatu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ucheke kidogo."

"Ningecheka hata nikijua."

Alimnunia siku mbili. Siku ya tatu akamwita, "Njoo unishike mkono, twende." Hakulirudia tena jambo hilo. Mumewe ndiye aliyelirudia, moyoni, kila siku.

Dripu zile alipata tatu. Juni daktari akasema nazo hazisaidii, kuna dawa nyingine. Marehemu akauliza itampa nini. Daktari hakumficha: pengine miezi michache, na uchovu zaidi ya huu. Marehemu akamgeukia mumewe, naye alikuwa na neno la kumsihi, limefika mdomoni. Akalimeza. Alikwisha kumwamulia mara moja, ile Februari.

"Inatosha," marehemu alisema. "Nirudisheni nyumbani. Huu mpango ni wangu."

Haukubadilika. Alikaa nyumbani wiki kumi na moja, dawa za maumivu akiletewa na muuguzi wa mtaa, kitanda kikiwa dirishani alikotaka. Alifariki Jumanne tarehe 3 Septemba 2024, saa moja asubuhi, mumewe akimlowesha midomo kwa kitambaa.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja wa kike. Familia inawashukuru daktari wake na wauguzi.

Mwacheni apumzike kwa amani. Alikuwa amechoka.