Mwishehe wa Mlingotini na Sura ya Watumwa Waliorudishwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 1887, baada ya miaka kumi na minne, Mwalimu Mwishehe bin Bwanausi anaweka kalamu chini. Alikuja katika nyumba hii ya misheni, nje kidogo ya Bagamoyo, kumsaidia padri kuitia Taurati na vitabu vya manabii katika Kiswahili. Padri alidhani kazi itakwisha kwa miaka miwili. Padri wetu ni mtu wa matumaini.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kila ukurasa ukikauka wino, aliuchukua uani akawasomea wanawake wanaotwanga mpunga. Wakiendelea kutwanga, alijua hawajafahamu, akarudi kuandika upya. Mapatano ya Mungu na Bani Israili yalimtesa mwezi mzima. Kwanza aliandika mkataba, wanawake wakauliza Mungu alitia sahihi mbele ya liwali gani. Akawaeleza kwa kuchanjiana: watu wawili huchanjwa, kila mmoja akala ini lililopakwa damu ya mwenziwe, wakajiapiza kwamba atakayesaliti apatwe na mabaya. Hapo michi ikatulia. Neno lililoandikwa siku ile ni agano.

Na padri naye alibishana. Pale watu walipolivunja agano wakatiwa mikononi mwa adui, padri alitaka iandikwe kwamba Mungu aliwatupa. Mwalimu aling'ang'ania kwamba aliwarudi kwa adhabu, kama mzazi amrudivyo mwanawe. Walinuniana siku tatu, na aliyechoka wa kwanza alikuwa padri.

Msidhani kwa hayo alikuwa na marafiki tele. Mjini walimwita mtu wa padri. Hapa alikuwa mtu wa msikitini. Adhuhuri, sisi wenye wake mjini tukikimbilia nyumbani, yeye alikula muhogo wake kwenye ngazi, peke yake. Alichokuwa nacho ni ndugu zake wawili kule Mlingotini. Kila Alhamisi aliondoka kwenda kwao, na siku hiyo hata mwandiko wake ulichangamka.

Mwaka 1884 walifika kwa nabii Yeremia, katika sura ya watu wa Yerusalemu walioagana mbele ya Mungu kuwaacha huru watumwa wao. Walimkata ndama vipande viwili, wakapita katikati, wakawaacha kweli. Kisha wakajuta, wakawarudisha utumwani, na Mungu akawatia wenyewe mikononi mwa adui. Mwalimu aliisoma uani kwa ile sauti yake nzuri. Michi yote ikasimama. Ndipo Sikuzani, mpishi wetu, ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa, akauliza, "Na Mwanahija wenu je, Mwalimu?"

Kila mtu alilijua jambo hilo. Marehemu baba yao aliusia kwamba Mwanahija, mtumwa wa shamba, aachwe huru baada ya arobaini. Wanawe wote watatu waliitikia huku wamemshika mkono. Arobaini ilipita, mpunga ukawa haujavunwa. Ukavunwa, ukaja mwingine. Ikawa miaka tisa.

Kesho yake Mwalimu alikwenda kwa kadhi akatoa ushahidi dhidi ya nduguze na dhidi ya nafsi yake, na Mwanahija akaandikiwa hati ya uhuru. Aliondoka wiki ile ile bila kuaga, na Mwalimu alisema alikuwa na haki. Nduguze hawajasema naye tangu siku hiyo. Idi zote amekula peke yake. Nimemwona akitoka msikitini, akipunguza hatua labda ataitwa, na haitwi. Iliniuma, nikampa pole. Akanijibu, "Ninarudiwa, bwana. Anayerudiwa hajatupwa." Lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyekwisha kufarijika.

Anatuachia vitabu kumi na saba vilivyokamilika, vimo kabatini, na mchwa hawajavigusa. Sasa anahamia Kerege, kwenye kibanda na minazi sita. Tulipeleka mwaliko Mlingotini. Jana ulirudishwa haujafunguliwa. Viti viwili vya mbele tumeviacha hivyo hivyo.

Mimi ni mnakili wake. Sura ile nimeinakili mara tatu, bila kosa hata la nukta moja. Na nyumbani kwangu yupo mtumwa, Tabia, ambaye niliweka nadhiri, mkono juu ya msahafu, kwamba nitamwacha huru endapo mke wangu atajifungua salama. Mwanangu sasa anakimbia.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila ukurasa. Tunakuombea uzee wa heri, afya, na watu wa kula nao. Mimi sijafika kwa kadhi. Niombee na mimi, maana hata kanzu hii niliyovaa kuja kukuaga ameifua Tabia.