Mtungi Mgongoni mwa Keren

Fsss. Usiku wa manane, chini ya kitanda, fsss kama nyoka aliyechoka, halafu kimya, na Keren akakesha amemkumbatia mwanawe Kiki, kwa sababu ule mtungi mumewe Liévin aliuingiza ndani akiogopa wezi, akaupaka rangi ya kijani upendeze, na alipoulizwa una nini akajibu, “Gesi ya pneu, lala.” Liévin huendesha jeep porini: kwenye mchanga anapunguza upepo wa magurudumu, akirudi barabarani anajaza tena kwa mtungi, na safari imebaki siku moja. Basi asubuhi Keren akamwacha Kiki kwa jirani Mwajuma, akaufunga mtungi mgongoni kwa kitenge, akaufunika kama mtoto ili watu wasiulize, akateremka mpaka Naviundu kwenye benchi la Chola, fundi wa kuziba pneu, mahali ambapo maneno hukoma kahawa ikiisha.

— Mama Kiki, karibu! akasema Asumani, mwenye birika. Mutoto analala? Bantu, museme polepole.

— Analala. Jasho lilikuwa linamtiririka Keren. Minataka kuuliza tu. Liévin anaenda safari kesho; ya kupompa pneu mu pori, gaz gani iko muzuri?

Loo. Amewasha moto.

— Hewa, akasema Chola. Hewa ya Mungu, haina kesi.

— Na kompresa utaibeba ku kichwa? Huyo ni Caleb, anayeitwa Ingénieur kwa kuwa siku moja alivaa kofia ya mgodi na hajaivua tena. CO2, mama! Ndani iko maji-maji, chupa kidogo inajaza pneu zote ine. Haraka haraka haina baraka, njo maana inajaza mbio.

— Ile iko gaz ya soda, akasema Asumani. Pneu itacheua. Weka azote, nitrojeni ile! Ndege inatumia azote. Motokari itakuwa mwepesi, utavuka Lualaba bila daraja.

— Azote inataka bonbonne, mutungi muzito, akasema Chola.

— Basi oxygène! Caleb akasimama. Mugonjwa anapewa oxygène, anaamuka. Pneu vilevile, pancha itapona yenyewe!

— Wee! Oxygène ikikutana na grisi, iko moto! akasema Chola. Soudeur moja, fundi wa kuchomelea vyuma, alijaribu, kofia yake tuliikuta ku paa ya kanisa.

— Na asetilini? Sauti ya Keren ilikuwa ndogo.

— Ile? Sigara moja tu, bwaa! akasema Chola.

Caleb alikuwa na sigara mdomoni. Akainama juu ya kitenge.

— Mutoto nono! Hebu nimuone.

— Zima sigara!

— Aa, mama, moshi kidogo hauui mutoto.

— Haiko mutoto!

Akafungua kitenge. Mtungi wa kijani ukalala kwenye benchi, bila alama, bila herufi hata moja. Ukasema fsss.

— Sasa, ndani mule iko gaz gani?

Benchi likayumba, birika likapinduka, kahawa yote ikanywewa na vumbi. Caleb alikuwa nyuma ya ukuta kabla kikombe chake hakijatua.

— Ingénieur! Chola akaita, amejikunja nyuma ya pneu ya lori. Si weye njo ulimwambia Liévin anunue mutungi, hapa hapa ku benchi? Sema iko nini!

— Muuzaji alisema iko gaz ya muzuri!

Usiku kucha, Kiki amelala juu ya “gaz ya muzuri.”

Chola akatoka taratibu, akaichukua sigara ya Caleb iliyoanguka, akaizima kwenye ndoo.

— Itabaki hapa inje, muntu asiguse, mpaka nilete benye kujua. Kesho Liévin ataenda na pompe yangu ya muguu. Itamuchokesha, lakini atarudi. Nitamwambia miye njo niliomba kuiangalia.

Keren akajifunga kitenge, kitupu, chepesi mpaka akajishika mgongo.

— Mama Kiki! Kofia ya mgodi ikachungulia juu ya ukuta. Usiambie bantu vile nilikimbia.

— Na weye usimwambie Liévin vile niliibeba.

— Naapa.

— Basi na miye, sitaambia muntu mungine.