Uso wa Vashram

Sogeeni, Kirit na wewe Bhavna, mfunge mlango wa barabarani, mniache niseme mpaka nimalize, maana pumzi iliyobaki naitaka kwa maneno, siitaki kwa mabishano. Bhavna, mkwe wangu, kaa hapa kitandani. Kirit, wewe kaa chini. Nimesema chini.

Mnamjua Vashram, mdogo wake marehemu baba yako, yule kipofu anayekuja kwenye kibanda chetu cha chai kila asubuhi akipapasa ukuta, akaketi benchi la mwisho na kunywa chai yake kwenye kisahani. Tangu utotoni, Kirit, umeambiwa kwamba sufuria ya maziwa ilimwangukia. Haikumwangukia. Nilimmwagia mimi.

Sikilizeni. Baba yako Popat hakugongwa na treni. Alikuwa anajua kuitia chai tangawizi, na wafanyakazi wa kiwanda cha kutia rangi sari walitoka langoni na mikono yao myekundu wakapita vibanda vitatu kumfuata yeye, kikiwemo cha Vashram, ambaye chai yake ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Baba yako akaokotwa kando ya reli, kichwa kimepasuka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na wewe ulikuwa na meno manne tu.

Matanga yalipokwisha nikawasha jiko. Vashram akaja akasimama mbele ya wateja. "Shemeji, mjane hauzi chai. Lete ufunguo, uje nyumbani kwangu umpikie mke wangu." Nikamjibu, "Mkeo ajipikie, na wewe kajifunze kwanza kuchemsha chai." Watu wakacheka. Akanishika nywele, akanibamiza uso kwenye ubao wa vikombe, mara ya kwanza, mara ya pili, meno yangu ya mbele yakang'oka yakabaki palepale ubaoni, na hakuna hata mmoja aliyeweka kikombe chini. Wanaume kumi na mmoja, niliwahesabu, waliendelea kunywa. Kisha akaniinamia sikioni: "Popat naye alikuwa mbishi hivihivi, mpaka nilipompiga nondo ya tatu."

Sufuria ilikuwa imejaa, lita nane za maziwa, na majani na iliki, imechemka mpaka ukingoni. Niliinyanyua kwa mikono mitupu, viganja vyangu mnaviona vilivyo, nikammwagia yote usoni. Sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu. Alipojipangusa, ngozi iliufuata mkono. Akaanguka akigaagaa, nami nikamfuata na sufuria tupu, nikampiga nayo mbavuni, magotini, mgongoni, mpaka ikabonyea, na ningemuua pale kama wewe, Kirit, usingelia.

Polisi walipomuuliza hospitalini, alisema sufuria imemwangukia. Angenitaja, ningeitaja nondo. Alipotoka, mkewe alikuwa ameshakimbia, na hakuna aliyempokea, akaja akaketi benchini. Nikampa chai. Msiseme ni huruma. Nilitaka kumwona. Mwaka wa tatu nikamtilia sumu ya panya. Akainusa, akasema, "Leo umezidisha iliki, shemeji," akakiinua kisahani mdomoni akijua. Nikakipiga kofi kikavunjika. Kwa nini, mpaka leo sijui. Sijamsamehe, na miaka thelathini na nne imepita.

Kirit, usiangalie mlango. Kaa! Usiniambie habari ya kulipiza, mwanangu, kwa sababu mkono wako si wa Popat, ni wa Vashram. Jumanne iliyopita, kwa ajili ya chai iliyopoa, ulimchoma mkeo mkononi kwa kijiko cha moto, na mimi nimelala papa hapa, ukidhani mgonjwa hasikii. Nilisikia. Hata harufu nilisikia, na harufu ile mimi siwezi kuisahau.

Kwa hiyo kibanda, leseni, majiko mawili na chumba hiki ni vya Bhavna. Kidole gumba nimeshaweka kwenye karatasi, na mwanasheria anazo. Ukitaka, utafanya kazi kwake; hutaki, njia ni hiyo. Na ukibaki, kila asubuhi utampelekea Vashram chai wewe mwenyewe, utachutama mbele yake mpaka amalize, na utautazama ule uso. Macho usiyahamishe.

Bhavna, usiinamishe kichwa. Mimi nilisubiri mpaka meno yalipotoka. Wewe usisubiri. Akikuinulia mkono tena, mfukuze mchana, watu wakiona, na wakicheka waache wacheke.

Nipe maji… kidogo… basi.

Moto wa kunichomea nikifa. Wazee wa ukoo watasema mwanamke haendi kwenye uwanja wa kuchomea maiti wala hawashi moto wake. Waseme. Bhavna ndiye atakayewasha. Kirit, utabeba kuni, utazipanga vizuri… nisikae upande… kisha utasimama nyuma ya mkeo.

Mungu akupe, Bhavna, watoto wasioshtuka baba yao akifungua mlango. Akupe… mkono wenye nguvu, na siku chache za kuutumia.

Na wewe, Kirit… Mungu akuvunje huo mkono… hapana. Ngoja. Hapana, nilikuzaa mimi. Aulegeze. Aulegeze mkono wako, mwanangu. Njoo… sikuoni vizuri. Bhavna, huyo anayelia… ni Kirit?