Kisanduku Kilichokufa Kikitaka Kupiga Kelele

Katika mji wetu wa Santa Rita do Sapucaí mashamba ya kahawa hushuka mlimani hadi yakutane na kuta za viwanda vidogo vya vifaa vya umeme, na baina ya mambo hayo mawili liko benchi la saruji, mbele ya duka la mikate la Seu Genuíno, na seu kwetu ni bwana. Hapo ndipo tunapoketi sisi tuliomaliza kazi na hatujamaliza maneno. Seu Genuíno huchuja kahawa kwa kitambaa, huitia katika chupa kubwa, akatuwekea dirishani pamoja na bilauri ndogo. Chupa ikiisha, baraza limevunjika, na hiyo ndiyo sheria pekee tunayoiheshimu. Waliokuwapo alasiri ile ya msimu wa mavuno ni Skurubu, aliyezeeka akikaza skurubu kiwandani. Padri Nusu, aliyeiacha seminari kabla ya kuwekewa mikono lakini ubishi wa seminari akaondoka nao. Redio, muuza bahati nasibu, ambaye hazimiki. Na mimi, niliyekuwa mwalimu. Katikati yetu, kompyuta ikiwa magotini, aliketi Dirce, mhandisi wa karakana iliyo nyuma ya kanisa, ambaye ndiye aliyeandika programu ya kisanduku kinachoendesha vikaushio vya kahawa. Kisanduku kimoja kilikuwa ubavuni pake juu ya benchi, tumbo wazi, nyaya nje. Mwenye nacho, Vantuil wa mlimani, alikishusha kwa gari lake, akamkuta Dirce hapo hapo akinywa kahawa, akakataa kisogee hatua moja mbali na macho yake. Seu Genuíno alipitisha waya wa umeme dirishani, kazi ikaanza.

— Kengele ya jioni, ya Malaika wa Bwana, ikigonga naondoka, dada Dirce, — alisema Vantuil, amesimama mbele yake kama askari wa zamu. — Kahawa yangu imo ndani ya pipa la kikaushio, mbichi. Uwanja wa kuanikia umekuwa bwawa kwa mvua ya jana. Feni isipozunguka leo, kesho mavuno yote yananuka siki.

— Na swichi ya zamani, ile ya mkono? — aliuliza Skurubu.

— Aliing'oa nani, kumpadre? Si wewe uliyekuja kunifungia hiki?

Wawili hao huitana kumpadre kwa kuwa mmoja alimsimamia mtoto wa mwenzake ubatizo, na undugu huo huruhusu maneno makali. Skurubu akaipuliza kahawa yake, ingawa ilikwisha kupoa.

— Kisanduku hakitoki hapa kabla hakijapona, — Dirce alisema bila kuinua macho.

— Kwani kinaumwa nini hasa? — Redio aliuliza.

— Kinakwenda vizuri nusu siku, — alijibu Vantuil, — halafu kinaganda. Feni inasimama, taa inabaki inawaka, kimya. Hata kelele ya kuniita hakipigi.

— Radi hiyo, — alisema Skurubu. — Iliingia kwenye waya siku ya mvua, ikalala humo. Ikijisikia inaamka.

— Radi ilale? Mzee, umechemka! — Redio alijigeuza atuone sote. — Hiyo ni setilaiti. Kuna wakubwa wanataka kahawa iadimike. Wanazima vikaushio kimoja kimoja, na wameanza na cha Vantuil kwa sababu kiko karibu na mbingu.

— Karibu na mbingu! — alisema Skurubu. — Mlima wenyewe ng'ombe anapanda huku anatafuna.

— Nyinyi nyote mnasema matukio, hamsemi sababu, — Padri Nusu aliinua kidole chake cha kufundishia. — Kila kinachosukumwa kimesukumwa na kingine. Rudi nyuma, hatua kwa hatua, huna budi kufika kwa msukumaji wa kwanza. Na msukumaji wa kwanza, ndugu zangu, katika jambo hili ni Shetani.

Dirce alicheka kwa mara ya kwanza.

— Ulianza vizuri sana, Padri. Mtoe Shetani, yaliyobaki ndiyo kazi ninayoifanya hapa.

— Hebu tueleze, nasi tukusaidie, — alisema Padri Nusu.

— Mungu aniepushe na msaada wenu. Lakini sikilizeni. Humu ndani kazi kubwa inaita kazi ndogo, ndogo nayo inaita ndogo zaidi. Kila inayoitwa inaachiwa anwani: ukimaliza, rudi hapa. Anwani hizo zinapangwa moja juu ya nyingine kama sahani. Hilo ndilo rundo la miito. Kisanduku kikiganda, mimi nalifumua rundo. Naishika sahani ya juu, nauliza: wewe alikuita nani? Kisha namgeukia huyo: na wewe je? Hivyo hivyo mpaka nimfikie aliyekosea.

— Kama polisi, — alisema Redio.

— Kama mama mkwe, — alisema Skurubu. — Polisi huchoka.

— Na umefikia wapi? — Vantuil hakuwa na haja ya kucheka. Alikuwa akitazama kivuli cha mnara wa kanisa kikirefuka uwanjani.

— Sahani ya juu ni ya mlinzi wa ajali. Huyu huamka mambo yakishaharibika. Namuuliza nani kakuamsha, anajibu: ni mtu aliyekuwa akirudi kwake, akakuta nyumba hakuna. Anwani aliyoachiwa haipo popote. Hapo kompyuta inakoma. Inasema mnyororo umekatika.

— Basi umekatika, — Vantuil alishusha mabega. — Nifungie nyaya, dada. Kahawa nitampelekea yule mnunuzi wa ng'ambo ya mto ikiwa mbichi hivyo hivyo, anipe atakacho.

— Umekatika kwa kompyuta. Mimi sijakatika. Seu Genuíno, nirushie mfuko wa mikate!

Akaupasua mfuko wa karatasi, akautandaza juu ya benchi kati yake na bilauri zetu, akaanza kulifumua rundo kwa mkono. Safari hii hakuanzia juu palipovunjika. Alianzia chini kabisa, kwenye sahani zilizokuwa bado nzima, akawa anapanda. Namba moja aliisoma kwenye kioo cha kompyuta, akaitafuta katika programu yake, akaandika jina, akapiga mshale. Kisha nyingine. Redio alifungua kinywa, Padri Nusu akamkanyaga mguu.

— Wa chini kabisa ni mzunguko mkuu, — Dirce alikuwa akijisemea. — Huyu kamwita mkaushaji. Mkaushaji kamwita mpima joto. Mpima joto kamwita mpiga kelele, yule wa kutangaza kwamba joto limezidi. Na juu ya mpiga kelele... takataka tupu.

— Kwa hiyo, — nilisema mimi, — kinakufa kikitaka kupiga kelele.

Dirce alinigeukia, kalamu hewani.

— Ndiyo maana hakijalia hata siku moja, mwalimu. Si kwamba hakitaki!

Akakiwasha upya kisanduku, akaushika waya wa kipima joto, na kabla Skurubu hajaelewa kilichokuwa kikitendeka, kipima joto kilikuwa kimezama ndani ya bilauri yake.

— Wee! Kahawa yangu!

— Imepoa. Seu Genuíno, ongeza ya moto humu.

Genuíno alimimina. Mvuke ukapanda. Namba ya joto kwenye kioo kidogo cha kisanduku ikapanda nayo, ikapita mpaka, na kisanduku kikaganda pale pale, taa ikiwaka, bila sauti.

— Kimekufa! — Dirce alipiga makofi.

— Na wewe unashangilia? — Vantuil karibu alie.

— Nimekiua mwenyewe, kaka. Mpaka leo kilikuwa kinakufa kikitaka chenyewe. Kikifa ninapotaka mimi, hakina tena pa kujificha.

Akaziinamia zile takataka. Sote tuliinama naye, vichwa vinne vyenye mvi juu ya mfuko wa mikate, na hakuna miongoni mwetu aliyeona kitu.

— Hizi si anwani, — alisema polepole. — Tazameni. Namba za anwani hazifanani hivi. Hizi zote ni za ukoo mmoja, ukoo wa herufi. Kila chumba kimebeba herufi nne. Hiki: A, P, A, R. Kinachofuata: E, C, I, D...

— Aparecida! — Redio aliruka juu. — Bikira mwenyewe, msimamizi wa nchi! Kaingia kwenye rundo!

Kofia zilivuliwa. Skurubu alifanya ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa bado umeshika bilauri tupu.

— Namwondoa Shetani, — alisema Padri Nusu kwa sauti ya chini. — Nilikosea.

— Aitwe paroko! — Redio alikwisha kupanga yote. — Kisanduku kibebwe kwa maandamano, kipitishwe barabara zote, Vantuil mbele bila viatu. Itajengwa kanisa hapa, benchi hili liwe altare, na Genuíno auze mishumaa badala ya mikate.

— Vantuil, — alisema Dirce, naye peke yake ndiye aliyebaki ameketi. — Jina la shamba lako umeliandikaje humu?

— Kama linavyoitwa. Nossa Senhora da Conceição Aparecida do Ribeirão Fundo.

— Lote?

— Sasa nimwandike Bikira nusu?

Dirce alifunga macho. Kisha akatueleza, na alipokuwa akieleza alikuwa akijichorea mwenyewe kwenye ule mfuko. Mpiga kelele, kabla hajatoa sauti, huandika ujumbe: jina la shamba, kisha onyo. Nafasi ambayo Dirce alimwachia ya kuandikia inakwisha kwenye Conceição. Yaliyobaki ya jina humwagika juu ya sahani za jirani na kuzifuta anwani. Kazi hiyo ya kuandika ikimalizika, sauti ikiwa bado, inatazama pa kurudi, inakuta Aparecida, inafuata huko, na huko hakuna kitu.

— Mimi nami ningefuata huko huko, — alisema Padri Nusu.

— Basi ni jambo la dakika, — Skurubu alifurahi. — Kumpadre, andika Aparecida peke yake. Bikira ataelewa. Panda mlimani.

Kivuli cha mnara kilikuwa kimelifikia benchi. Vantuil alitazama kisanduku, akatazama barabara.

— Mwambie yeye, — alisema. — Yule anakuja.

Aliyekuwa anakuja ni mama yake, Dona Eponina, mjane mfupi aliyeweka nadhiri siku Vantuil alipozaliwa bila kupumua, akaliita shamba kwa jina lile lote mtoto alipolia. Alikuwa na kikapu cha biskuti za muhogo mkononi.

— Mbona bado mko hapa? Nasikia pipa liko kimya.

Walimweleza, wote kwa pamoja, mpaka alipoinua mkono. Dirce akarudia peke yake, kwa adabu, nafasi na sahani na kumwagika.

— Kwa hiyo jina ni refu, — alisema Dona Eponina.

— Ndiyo, mama.

— Jina halijarefuka jana, mwanangu. Mlimani kwetu kila shamba lina mtakatifu wake na kijito chake. Nyinyi mlipokuwa mnakitengeneza, nani aliwaambia kwamba shamba la mtu lina jina fupi?

Dirce akatazama karatasi. Skurubu, aliyevifunga visanduku hivyo mlima mzima, akatazama viatu vyake. Na Redio, nashuhudia, alizimika.

— Silikati jina, — alisema Dirce hatimaye. — Naikata programu.

Akaketi. Vidole vyake vikaenda bila kusita. Akaipanua nafasi, kisha akaweka bawabu mlangoni, wa kupima kila jina kabla halijaingia, lisimwagike juu ya kitu hata likiwa refu namna gani. Akakilisha kisanduku programu mpya.

— Sasa nipeni majina. Marefu! Nataka kukivunja.

Hapo baraza likapata kazi. Skurubu alitoa shamba la babu yake, lenye watakatifu wawili na korongo. Padri Nusu alianza litania nzima. Redio alitoa jina lake la ubatizo, ambalo hatukuwa tumelisikia kamwe, likatushinda sote kwa urefu. Kila jina lilipoingia, Dirce alisema: — Joto! — na Seu Genuíno alimimina kahawa ya moto juu ya kipima joto, akimwaga iliyopoa barabarani. Hakuna aliyethubutu kulalamika. Kisanduku kililia, kikanyamaza, kikaendelea na kazi yake, kikalia tena.

— La mwisho, — alisema Dirce. — La mama.

Genuíno aligeuza chupa juu chini. Yakatoka matone ya mwisho, yakiwa bado na moto wa kutosha. Namba ilipanda. Kwenye kile kioo kidogo jina likaanza kupita, pole pole, Nossa Senhora da Conceição, na tukabana pumzi, Aparecida, na Vantuil akamshika mama yake mkono, do Ribeirão Fundo, mpaka herufi ya mwisho, na onyo nyuma yake.

Ndipo kengele ya Malaika wa Bwana ilipogonga. Tulisimama, kofia mkononi, bilauri tupu, na katikati ya sala kisanduku cha Vantuil kikapiga kelele kwa nguvu zake zote, na Dona Eponina akakataa kizimwe.